Somo la 6: Pishi Moja kwa Siku

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kutoka 16, 1 Wafalme 17:1–24, Habakuki 3:16–19, Mathayo 6:24–34, 2 Wakorintho 8:1–15, Wafilipi 4:4–20, 1 Petro 5:6, 7.

Fungu la Kukariri: Mathayo 6:34 (kila mwanadarasa alikariri kutoka katika Biblia yake mwenyewe).

Fikiria nyumba moja jioni ya Ijumaa. Jua linakaribia kuzama. Mama amekwisha kufagia, chakula cha Sabato kiko tayari, watoto wameoga, na familia imeketi kwa ibada ya kufungua Sabato. Wimbo unaanza, naye anaimba pamoja na wengine. Lakini kichwani anahesabu. Mtoto wa kwanza amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Kodi ya chumba inadaiwa tarehe 5. Na kesho, Jumamosi, ndiyo siku ya gulio, siku ambayo wauza nyanya wenzake hupata kwa saa chache kile anachopata yeye kwa siku tatu. Wimbo unapofika ubeti wa mwisho, hakumbuki ameimba nini.

Mahangaiko ya mama huyu si ya tamaa. Hatafuti gari wala ghorofa. Anatafuta unga, daftari, na paa la kulalia chini yake. Mtu akimwambia kwa wepesi, “Usijali, Mungu yupo,” maneno hayo ni kweli, lakini yanaweza kumwacha na mzigo uleule, tena akiongezewa aibu ya kudhani kwamba imani yake ni ndogo.

Biblia haizungumzi na watu wenye njaa kwa wepesi namna hiyo. Ahadi zake kuhusu chakula zilitolewa jangwani, wakati wa ukame, gerezani, na katikati ya wavuvi na vibarua. Juma hili tutawatazama watu waliokuwa na sababu halisi za kuogopa kesho, na jinsi Mungu alivyowafundisha kumtegemea, siku moja baada ya nyingine.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa kwa Sabato ijayo.*


JUMAPILI

Ndege Hawabaki Kiotani

Soma Mathayo 6:24–34. Yesu anatoa sababu zipi za kutosumbuka? Ziorodheshe kwa utaratibu zinavyokuja.

Fungu la 25 linaanza kwa maneno yanayoonesha sababu, na sababu hiyo iko katika fungu la 24: hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili. Kwa Yesu, basi, kuhangaika si udhaifu wa tabia tu. Ni swali la nani ni bwana. Mali inaweza kumtawala tajiri kwa wingi wake, nayo inaweza kumtawala maskini kwa kukosekana kwake. Wote wawili huamka na kulala wakiifikiria.

Kitenzi cha Kiyunani kinachotafsiriwa “kusumbuka” kinatokea mara 6 katika mafungu haya kumi. Waliosikiliza walikuwa watu wa Galilaya: wakulima, wavuvi, na vibarua waliolipwa kwa siku (angalia Mathayo 20:1, 2). Kwa mtu wa namna hiyo, siku bila kazi ilikuwa siku bila mkate. Yesu aliyajua hayo. Yeye mwenyewe alikulia katika nyumba ya fundi seremala.

Sababu zake ni rahisi kufuatwa hata na mtoto. Aliyetoa uhai, ambao ni mkubwa, hatashindwa kutoa chakula, ambacho ni kidogo. Anayewalisha ndege wasio watoto wake hatawasahau walio watoto wake. Anayeyapamba majani ambayo kesho yatatupwa tanuruni hatamwacha uchi mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wake. Zaidi ya hayo, kuhangaika hakuongezi kitu. Hakuna mtu aliyekesha akiwaza akaamka asubuhi deni limepungua. Na mwisho, Baba anajua. Anayeomba kwake haendi kumpa habari mpya.

Je, maneno haya yanaruhusu uvivu? Mtazame tena ndege. Ni kweli hapandi wala hana ghala, lakini habaki kiotani akiwa amefungua mdomo. Alfajiri huruka kwenda kutafuta. Biblia hiyohiyo inamtuma mvivu akajifunze kwa chungu (Mithali 6:6–8), na Yesu anamsifu mtu anayekaa kwanza na kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara (Luka 14:28). Hata kitenzi kilekile cha “kusumbuka” Paulo anakitumia kwa sifa anapoeleza jinsi Timotheo alivyowajali kwa kweli waumini wa Filipi (Wafilipi 2:20). Kujali si dhambi.

Tofauti iko hapa: mpango mzuri huishia katika hatua ya kuchukua, kisha mtu hulala. Hangaiko haliishii popote. Huzunguka palepale kama ng'ombe wa kinu, likirudia swali lilelile usiku kucha bila kumpa mtu jambo la kufanya asubuhi.

Katika fungu la 34 Yesu hasemi kwamba kesho haina shida. Anasema kinyume chake: kesho ina shida zake. Anachokataza ni kuzibeba leo, kwa sababu nguvu zilizotolewa leo ni za leo.

*Chukua jambo moja linalokusumbua sasa. Je, lina hatua unayoweza kuichukua juma hili? Ichukue. Kama halina, limebaki kuwa la nani?*


JUMATATU

Kiasi cha Siku Moja

Soma Kutoka 16:1–20. Waisraeli walilalamika nini, na Mungu aliwajibu kwa njia gani?

Ilikuwa siku ya 15 ya mwezi wa pili tangu kutoka Misri. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita. Watu hawa walikuwa wameiona bahari ikigawanyika na maji machungu ya Mara yakiwa matamu. Hata hivyo, unga waliotoka nao ulipokwisha katika jangwa la Sini, kumbukumbu yao ilibadilika. Misri, nchi ya fimbo na matofali, sasa waliikumbuka kama nchi ya masufuria ya nyama. Hivyo ndivyo hofu inavyofanya. Huyapamba mateso ya zamani na kuyafuta matendo ya Mungu ya jana.

Jambo la kushangaza ni kwamba Mungu hakuwajibu kwa ghadhabu. Jioni walikuja kware, na asubuhi umande ulipoinuka, chakula kilikuwa juu ya nchi. Lakini chakula hicho kilikuja na masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyokuwa darasa lenyewe. Kila mtu aliokota pishi moja kwa kila mtu wa hemani mwake. Aliyeokota kingi hakubakiwa na kitu, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Hakuna aliyeruhusiwa kukiweka hadi asubuhi. Waliojaribu walikuta mabuu na uvundo (fungu la 20).

Kwa nini Mungu hakuwapa chakula cha mwezi mzima kwa mara moja? Ingekuwa rahisi zaidi kwao. Lakini kama wangekuwa na ghala, wangelitegemea ghala. Mtu mwenye chakula cha mwaka anaweza kukaa miezi kadhaa bila kumkumbuka aliyempa. Mtu mwenye chakula cha siku moja hulazimika kutoka nje ya hema kila asubuhi na kuona kwa macho yake kwamba Mungu amekuja tena. Kumbukumbu la Torati 8:3 linasema wazi kwamba lengo lilikuwa kuwafundisha kwamba mwanadamu haishi kwa mkate peke yake. Mana ilikuwa chakula na pia ilikuwa somo, lililorudiwa kwa miaka 40, mpaka walipokula mazao ya Kanaani (Yoshua 5:12).

Soma sasa 2 Wakorintho 8:13–15. Paulo anakitumiaje kisa cha mana?

Paulo anakusanya mchango kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu, naye anakumbuka mana. Jangwani, Mungu mwenyewe alihakikisha kwamba hakuna aliyezidiwa wala aliyepungukiwa. Kanisani, kazi hiyo ameiweka mikononi mwa waumini. Wingi wa mmoja hukutana na upungufu wa mwingine, na siku nyingine mambo hugeuka.

Hili lina uzito kwa kila kikundi cha Shule ya Sabato. Inawezekana mama wa jioni ya Ijumaa anaketi benchi la tatu, na jibu la maombi yake liko mfukoni mwa mtu wa benchi la pili. Mana iliyofungiwa hadi asubuhi ilioza. Ziada inayofungiwa huku jirani akilala njaa nayo ina uvundo wake mbele za Mungu.

*Je, kikundi chenu kina njia ya kujua nani amepungukiwa juma hili, bila kumwaibisha? Kama hakina, mnaweza kuanza vipi?*


JUMANNE

Asubuhi ya Siku ya Sita

Soma Kutoka 16:21–30. Ni mambo gani matatu yaliyofanya mana ya mwisho wa juma iwe tofauti?

Kwa siku tano Mwisraeli alifundishwa kwamba kilichobaki huoza. Siku ya sita aliambiwa aokote pishi mbili kwa kila mtu na kubakiza moja hadi asubuhi. Jiweke mahali pake. Kila alichokiona kwa macho yake tangu siku ya kwanza kilimwambia kwamba chakula hicho kitaharibika. Kilichokuwa upande wa pili wa mizani ni neno la Mungu peke yake. Alilala akiwa na chombo chenye mana pembeni, na asubuhi ya Sabato akafungua kifuniko. Hakikunuka. Hakikuwa na mabuu.

Tazama utaratibu huo. Siku ya sita kulikuwa na kiasi maradufu. Siku ya saba hakikuanguka kitu. Na kile kilichohifadhiwa kwa ajili ya Sabato hakikuharibika. Kwa miaka 40, yaani zaidi ya majuma 2,000, Mungu aliionesha siku yake kwa njia hiyo. Na yote hayo yalianza kabla ya watu kufika Sinai na kupewa zile mbao mbili za mawe. Israeli walijifunza kutegemea riziki ya Mungu na kuitunza Sabato katika darasa moja, kwa mwalimu mmoja, kwa chakula kilekile.

Hilo si jambo la bahati. Kuitunza Sabato ni kukiri kwa vitendo kwamba kazi ya mikono ya mtu siyo inayomweka hai. Mtu anayefunga duka Ijumaa jua likikaribia kuzama anasema jambo fulani kuhusu Mungu hata kama hafungui kinywa. Na ndiyo maana hofu ya kesho huishambulia Sabato kwanza. Mahangaiko hayamwambii mtu amkane Mungu. Humwambia tu kwamba wiki hii hali ni ngumu, afungue kwa saa mbili tu, Mungu anaelewa.

Wengine walitoka siku ya saba kwenda kuokota (fungu la 27). Biblia haisemi kwamba walikuwa na njaa. Chakula cha Sabato kilikuwa hemani. Walitoka kwa sababu mtu aliyezoea kuhangaika huendelea kutafuta hata akiwa ameshiba. Walirudi mikono mitupu.

Ni lazima pia jambo moja lisemwe kwa uaminifu. Wapo waumini waliopoteza kazi kwa sababu ya Sabato, na wanafunzi waliorudia mwaka kwa sababu mtihani uliwekwa Jumamosi. Si wote waliopata kazi bora zaidi juma lililofuata. Ahadi ya Mungu haisemi kwamba utii hautagharimu. Inasema kwamba anayetii hataachwa peke yake katika gharama hiyo. Wakati mwingine pishi mbili za siku ya sita huja kwa njia ambayo mtu huitambua miaka mingi baadaye, akigeuka na kuhesabu jinsi alivyofika.

*Ni katika eneo gani hofu ya kupungukiwa inakujaribu kuikata Sabato pembeni, hata kwa saa chache? Siku yako ya maandalio, Ijumaa, inaonesha nini kuhusu imani yako?*


JUMATANO

Konzi Moja Katika Pipa

Soma 1 Wafalme 17:1–16. Mungu aliwatumia nani na nini kumlisha Eliya? Kuna jambo gani lisilotazamiwa katika kila njia?

Kwanza walikuwa kunguru, ndege ambaye sheria ilimhesabu kuwa najisi (Mambo ya Walawi 11:15). Kisha kijito cha Kerithi kikakauka. Eliya alikuwa mahali palepale Mungu alipomtuma, akifanya kile alichoambiwa, na hata hivyo maji yakaisha. Kukauka kwa kijito hakukuwa ishara ya dhambi yake wala ya kuachwa. Kulikuwa ishara ya kuhama.

Njia ya pili ilikuwa ya ajabu kuliko ya kwanza. Sarepta ilikuwa nchi ya Sidoni, nyumbani kwa Yezebeli, binti wa mfalme Ethbaali (1 Wafalme 16:31). Huko ndiko Baali alikoheshimiwa kama mwenye mvua, na huko nako ukame ulikuwa umefika. Mlinzi aliyechaguliwa na Mungu hakuwa tajiri wa mji. Alikuwa mjane aliyekuwa akiokota kuni mbili ili apike mara ya mwisho, yeye na mwanawe, wale, wafe. Alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Karne nyingi baadaye Yesu alimtaja mwanamke huyu katika sinagogi la Nazareti (Luka 4:25, 26), na wasikilizaji wakakasirika kwamba Mungu alimwendea mgeni.

Eliya akamwambia asiogope, na kwamba amfanyie kwanza yeye mkate mdogo. Fungu hili limetumiwa vibaya mara nyingi. Wapo wahubiri wanaolisoma mbele ya maskini ili watoe shilingi yao ya mwisho kwa mhubiri, wakiahidiwa utajiri. Lakini tazama kisa chenyewe. Eliya hakuchukua mkate na kuondoka. Aliketi katika nyumba ile, akala kutoka katika pipa lilelile, akabaki na njaa yao au shibe yao. Aliomba kwa neno la wazi la Mungu lililotaja unga, mafuta, na muda wa ahadi. Na mjane hakutajirika. Alikula.

Biblia haisemi kwamba pipa lilijaa hadi juu. Inasema kwamba unga haukuisha. Inawezekana kabisa kwamba kila asubuhi aliinama, akanyoosha mkono hadi chini, na kukuta palepale palipokuwa na kidogo jana. Jirani aliyechungulia angeona nyumba ya maskini iliyobakiza konzi moja. Mjane mwenyewe alijua kwamba konzi hiyo imekuwapo kwa miezi mingi.

Soma 1 Wafalme 17:17–24. Kisa hiki kinaongeza nini?

Baada ya muujiza wa unga, mtoto akafa. Mama akalia kwa uchungu na kumlaumu nabii. Eliya hakumkemea wala kumwambia awe na imani. Alimchukua mtoto, akapanda naye juu, akamlilia Bwana naye akiuliza maswali. Mungu akamrudisha mtoto. Riziki ya Mungu, basi, haikuishia kwenye pipa. Yule aliyeulinda unga alikuwa na uwezo juu ya kaburi pia. Mwamini anayeomba mkate wa leo anaomba kwa Mungu wa ufufuo.

*Kumbuka wakati ambapo “pipa” lako lilikuwa karibu tupu lakini halikuisha. Nani mwingine anahitaji kusikia habari hiyo Sabato hii?*


ALHAMISI

Mtini Usipochanua

Soma Habakuki 3:17–19. Nabii anataja hasara ngapi? Furaha yake inasimama juu ya nini?

Habakuki anahesabu hasara 6: mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kondoo, na ng'ombe. Kwa mkulima, orodha hiyo haiachi kitu. Anajua kwamba jeshi la Wakaldayo linakuja, na anakiri kwamba mwili wake unatetemeka (fungu la 16). Kisha anasema kwamba atamfurahia Bwana. Hajasema kwamba mtini utachanua. Amesema kwamba hata usipochanua, Mungu ni wokovu wake.

Paulo alijua shule hiyo. Katika 2 Wakorintho 11:27 anaandika kwamba alipata njaa na kiu, baridi na uchi. Mtu huyohuyo aliandika kwamba Mungu atawajaza wasomaji wake kila wanachohitaji (Wafilipi 4:19). Alikuwa kifungoni alipoyaandika, wakati ambapo mfungwa wa Kirumi aliwategemea sana ndugu na marafiki kwa chakula na mavazi. Wafilipi, waliotoka katika makanisa yenye umaskini mkubwa (2 Wakorintho 8:1, 2), walimtuma Epafrodito na zawadi, naye akaugua hata karibu na kufa (Wafilipi 2:27). Ahadi ya Wafilipi 4:19, kwa hiyo, ilitoka kwa maskini mmoja kwenda kwa maskini waliomgawia.

Soma Wafilipi 4:6, 7 na 4:11–13. Paulo anasema alijifunzaje kuridhika?

Anasema alijifunza. Hakuzaliwa akiwa mtulivu. Na fungu la 13, ambalo wengi hulitaja wanapotafuta ushindi, kwanza linahusu kuweza kushiba bila kujisahau na kuweza kuona njaa bila kukata tamaa. Njia anayoionesha ina hatua tatu: ombi, kwa maneno ya wazi, pamoja na shukrani. Shukrani inatangulia jibu. Anayeshukuru hukumbuka mana ya jana, na kumbukumbu hiyo huipunguzia nguvu hofu ya kesho. Kisha amani ya Mungu hulinda moyo, kwa neno linalotumika kwa ulinzi wa askari. Watu wa Filipi, koloni la Rumi, waliwafahamu vizuri askari wa lindo.

Petro analisema jambo hilohilo kwa mfano wa mzigo (1 Petro 5:6, 7), na Biblia ya Kiswahili imelipata neno linalofaa: kumtwika. Kila aliyebeba kuni au ndoo ya maji analijua. Mzigo uliotwikwa kichwani kwa mtu mwingine haubaki kwa wa kwanza. Haiwezekani kumtwika Mungu ada ya mtoto saa mbili usiku, kisha kuutua tena mzigo huo kutoka kwake saa nane usiku na kuubeba hadi alfajiri. Lakini Petro anajua kwamba hilo hutokea, ndiyo maana analiweka pamoja na unyenyekevu. Kuutoa mzigo kunataka mtu akubali kwamba hawezi. Anayeuchukua tena usiku hatupwi na Mungu. Hualikwa kutwika tena.

*Andika kwa sentensi moja kile unachokiogopa zaidi kuhusu mwezi ujao. Kisha andika mambo matatu ambayo Mungu alikutendea mwezi uliopita. Yaombee yote manne pamoja.*


IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Ellen G. White anasimulia habari za Eliya kijitoni Kerithi na kwa mjane wa Sarepta katika kitabu Manabii na Wafalme. Soma pia Zaburi 37:25; Mithali 30:7–9; Waebrania 11:32–40; 13:5, 6.

Waanzilishi wa kazi ya Waadventista nao walisoma darasa la mana. James na Ellen White walioana mwaka 1846 wakiwa maskini. Katika kiangazi cha 1848, James alihitaji nauli ya kwenda kwenye mikutano ya waumini waliokuwa wakijifunza habari za Sabato. Yeye na wenzake wawili wakachukua kibarua cha kufyeka nyasi katika shamba la ekari 100, kwa malipo ya senti 87 na nusu kwa ekari. Alipata dola 40. Hakuona aibu kutoka jasho, wala hakusema kwamba kazi hiyo ilikuwa kukosa imani. Fyekeo lilikuwa riziki ya Mungu ya mwaka huo.

Mwaka uliofuata, 1849, ilionekana wazi kwamba gazeti dogo lilihitajika ili kuueneza ujumbe wa Sabato. Fedha hazikuwapo. James akajiandaa kurudi kufyeka nyasi. Ndipo Ellen alipopewa njozi kwamba safari hii kazi ya mumewe ilikuwa kuandika, na kwamba aendelee kwa imani. Mchapaji mmoja wa Middletown, Connecticut, ambaye hakuwa wa imani yao, alikubali kuchapisha na kulipwa baadaye. Mwezi Julai toleo la kwanza la The Present Truth, nakala 1,000, likawa tayari. Waumini wachache waliyakusanya magazeti hayo sakafuni katika nyumba waliyokaa Rocky Hill, wakapiga magoti kuyazunguka, na kuomba kwa machozi. Kisha James akayabeba kwenye mfuko hadi posta ya Middletown, mwendo wa kilomita 13 hivi. Michango ya wasomaji ilianza kuja pamoja na barua zao, na mchapaji akalipwa.

Mtu ni yuleyule, na fyekeo ni lilelile. Mwaka mmoja kumtegemea Mungu kulimaanisha kulishika, na mwaka uliofuata kukamaanisha kuliacha. Hakuna kanuni moja inayomwondolea mwamini haja ya kusikiliza kila asubuhi.

Maswali ya Kujadili:

1. Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha alimwuliza mjane mwenye deni ana nini nyumbani, akamtuma kwa majirani, na baadaye akamwambia auze mafuta na kulipa. Katika kisa hiki, sehemu ya Mungu ilikuwa ipi, ya mjane ipi, na ya majirani ipi?

2. Mshiriki mmoja anasema, “Kuweka akiba benki au kukata bima ni kukosa imani.” Mwingine anasema, “Bila akiba, imani ni maneno matupu.” Mtawajibu vipi wote wawili mkitumia mafungu ya juma hili?

3. Waebrania 11 inawataja kwa pamoja waliofunga vinywa vya simba na walioishi kwa kupungukiwa, wakiteswa. Wote walikuwa na imani. Ukweli huu unapaswa kubadilishaje jinsi kanisa linavyosema na mtu ambaye maombi yake ya kazi au ya uponyaji bado hayajajibiwa?

4. Katika sehemu yenu, ni nani hasa anayelipa gharama kubwa kwa kuitunza Sabato: wafanyabiashara wa gulioni, wanafunzi, wauguzi, au wengine? Kanisa linaweza kuwa sehemu ya “pishi mbili” zao kwa namna gani?

5. Rudini kwa mama wa jioni ya Ijumaa. Kama angekuwa darasani kwenu Sabato hii, angeondoka akiwa na nini mkononi na nini moyoni?